Kozi kwanza au kutengeneza kwanza?

Mkuu umeuliza kama umalize kwanza kozi yote ya HTML, CSS na JavaScript (lugha za kutengeneza tovuti) ndo uanze kutengeneza vitu vyako. Mi nakwambia usisubiri, maana kozi haziishagi, ukimaliza hiyo utaona React (maktaba ya JavaScript), ukitoka hapo utaona nyingine, na bado ukifungua faili tupu mikono inaganda.

Ukishaangalia video ya flexbox (njia ya CSS ya kupanga vitu kwenye ukurasa) ifunge, alafu panga menyu ya juu ya ukurasa bila kurudi kuchungulia. Hapo ndo utagundua umeweka display: flex kwenye kila linki badala ya kuiweka kwenye kile kinachozibeba, linki zote zinashuka moja chini ya nyingine, unabaki unashangaa. Ukihangaika nayo mwenyewe husahau tena. Au chukua fetch, ile amri ya JavaScript ya kuomba data kwenye seva, kwenye kozi kila kitu kinakubali, sasa jaribu kukosea mwisho wa anwani makusudi (jina la tovuti liache sawa) uone: seva inarudisha 404, yaani ulichoomba hakipo, na fetch wala haishtuki, catch yako (sehemu ya kushika makosa) haiguswi kabisa, mpaka ukague mwenyewe response.ok, inayosema kama jibu ni zuri, na urushe kosa mwenyewe. Kozi nyingi hapo zinapita mbio.

Muda gawa unavyoweza, mi ningeweka theluthi kozi, zinazobaki kuandika kodi. Ila kama ni ya chuo na ina mtihani usiitupe jamani, chukua asaimenti yao uiongezee kitu chako, mfano fomu ikague barua pepe kabla haijatumwa. Na Git, chombo cha kutunza historia ya kodi yako, anza nayo leo leo, usingoje somo lake lifike.