Jibu: Ahadi ya ujenzi au dawa za mama?
Ndugu, umeuliza kama ni dhambi kuchelewesha ahadi yako ya ujenzi wa kanisa ili mama yako kule Muheza apate dawa za presha. Mpe mama dawa. Soma Marko 7: Mafarisayo walimruhusu mtu aseme mali yake ni korbani, imewekwa wakfu, halafu mzazi anabaki mikono mitupu. Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Paulo ndiyo mkali kabisa, 1 Timotheo 5:8: asiyewatunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Mzee wa kanisa akikusumbua, mfungulie hapo.

Ila kutuma hela tu haitoshi, samahani kama nakuchoma. Tanga mjini hadi Muheza si safari ya kuaga watu. Hapa Makorora nina jirani, bibi wa makamo, wanawe hutuma hela kila mwezi bila kukosa, lakini anayemsomea maandishi ya kwenye pakiti ya vidonge ni mimi. Nenda, keti naye, angalia vimebaki vingapi. Kuhusu ahadi, ongea na mchungaji, utamalizia kidogo kidogo.