Nilikwenda Panyimur nikiwa sijui hata ninachopenda kula

Dada uliyeuliza kutoka Mbale, nimelisoma swali lako mara tatu kabla ya kujibu. Umesema una miaka 41, umemuuguza mama mkwe mpaka akafariki, watoto wako bweni, na siku hizi ukiamka hujui unaamka kwa ajili ya nani. Ukataka kujua kama kuondoka nyumbani kwa wiki mbili au tatu ni kujitafuta au ni kukimbia. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: wapo wanaokuambia uombe, na wapo wanaokuambia ukapande Rwenzori. Sina ugomvi na maombi wala na mlima, ila nitakueleza yaliyonipata mwaka 2019, kwa sababu hali yangu ilifanana sana na yako.

Nilizaliwa Walukuba, Jinja. Baba alikuwa wa Jonam, yaani watu wa mto, kutoka Panyimur, na mama alikuwa Msamia wa Busia, kwa hiyo lugha ya nyumba yetu ilikuwa Kiswahili, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za mtaa ule ambao viwanda vilikuwa vimeujaza watu wa kila kabila. Baba alifika Jinja katikati ya miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls likiwa limefunguliwa karibuni, mwaka 1954, na mji ukitafuta mikono ya kazi. Alikuja kwa maji. Alipanda meli Pakwach, akavuka Ziwa Albert hadi Butiaba, akachukua lori hadi Masindi Port, akapanda meli nyingine ya Ziwa Kyoga hadi Namasagali, kisha treni hadi Jinja. Njia hiyo haipo tena, kwa kuwa mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliiharibu bandari ya Butiaba na barabara zikachukua abiria waliobaki, lakini vituo vyake nilivijua utotoni kama watoto wengine wanavyojua kuhesabu.

Niliolewa Mukono. Ukweni Kiswahili kilisikika kama lugha ya askari na ya wanyang'anyi, jambo ambalo watu wengi wa Buganda walikuwa na sababu zao za kulihisi, kutokana na yale waliyoyaona wakati wa tawala za kijeshi. Hakuna aliyenikataza kukizungumza. Nilikiacha mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anavyoacha kuvaa nguo isiyosifiwa na mtu. Nyumbani nikawa mama wa fulani, kwa wakwe nikawa mkamwana, na katika shule niliyoshikia hesabu nikawa madamu wa ada. Mama mkwe alipopatwa na kiharusi nilimhudumia miaka saba. Alipofariki mwaka 2018, wageni waliingia mmoja mmoja wakimpa pole mume wangu, nami nikipita katikati yao na birika la chai. Silisemi hili kwa uchungu tena, lakini ni vizuri ujue kwamba nililiona siku ileile.

Kilichoniondoa nyumbani kilikuwa kitu kidogo. Binti yangu aliniuliza babu yake alifikaje Jinja. Nikaanza: Pakwach, Butiaba, halafu nikakwama. Vituo vilivyobaki havikuja usiku ule wala kesho yake.

Umeuliza mume aambiwe nini. Mimi sikumwambia kwamba nakwenda kujitafuta, kwa kuwa maneno hayo yangemfanya aulize nani amenipoteza, na jibu lingekuwa ugomvi. Nilimwambia nakwenda kuona kwa baba. Akauliza, "Kuna msiba?" Swali lake lilikuwa la haki. Kwetu mwanamke mtu mzima husafiri kwa sababu ya msiba, harusi au mgonjwa, na safari isiyo na mojawapo ya hayo watu huitilia shaka. Nikasema hakuna msiba. Alinyamaza siku mbili, kisha akauliza nani atamlipa muuza maziwa, nami nikajua kwamba amekubali. Nilikuwa na shilingi 700,000 za chama cha akina mama, na nakushauri nawe usiende kwa mkopo, maana deni litakufuata hadi huko na kukuita kwa jina lilelile unalolikimbia.

Safari ya basi haina mengi ya kusimulia: Kampala, Luweero, Kiryandongo, Karuma, kisha unashika upande wa magharibi. Nilipata kulala Pakwach, ambako joto halina adabu hata usiku wa manane, na jioni niliingia katika kihoteli kilicho karibu na stendi. Mama mwenye kihoteli akaniuliza, kwa Kiswahili, nitakula nini. Nikamjibu, "Chochote." Akaniangalia, akafuta meza, akasema, "Chochote hatupiki hapa."

Huwezi kuamini jinsi neno lile lilivyonikalia kifuani. Nilipojaribu kuchagua niligundua kwamba sijui. Kwa miaka mingi nilikuwa nakula kilichobaki, baada ya mgonjwa, baada ya watoto, baada ya baba wa nyumba, na mdomo wangu haukuwa na maoni yake wenyewe. Hatimaye nikaagiza angara wa mchuzi wa karanga, kwa sababu baba alikuwa akimtaja samaki huyo. Alikuwa na chumvi nyingi. Nilimwambia yule mama kwamba chumvi imezidi, akacheka, akaniongezea ugali, nami nikatoka pale nimefurahi kupita kiasi, kana kwamba nimeshinda kesi mahakamani.

Panyimur iko kandokando ya Ziwa Albert, karibu na mahali Mto Nile unapotoka ziwani kuelekea kaskazini, kwa hiyo maji yanayoondoka Jinja hupita pale, yakiwa yamezunguka kupitia Kyoga na maporomoko ya Murchison. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa hai. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kongo, kwani sokoni wanauziana samaki na watu wa ng'ambo. Watoto aliwaita "batoto", na mara ya kwanza aliponiita hivyo, mimi mwenye mvi, nililazimika kutoka nje. Asubuhi tulianika muziri, dagaa wa ziwa lile, na kazi yangu ilikuwa kuwageuza kabla jua halijawa kali. Nilifanya kazi vibaya, na nilikemewa kwa jina langu la utotoni.

Sasa nikuambie jambo ambalo wanaosifia safari hawalisemi. Siku nne za kwanza zilikuwa mbaya. Nilipiga simu nyumbani mara sita kwa siku nikiuliza kama gesi imezimwa. Nililala mchana nikaamka na hasira isiyo na mwenyewe. Kama ningekuwa na nauli mkononi badala ya kumkabidhi shangazi fedha zangu aniwekee, ningerudi siku ya tatu na kusema nimeona kwa baba. Ndiyo maana wiki moja ni chache mno, kwa maoni yangu. Ilinichukua siku zote hizo kuacha kusikiliza kama kuna mtu ananiita, na baada ya hapo vitu vilianza kurudi bila kuitwa: wimbo wa kuruka kamba, harufu ya pamba katika shati la baba, na siku ya tisa, nikiwa nimeshika mtungi, Masindi Port na Namasagali kwa mpigo.

Shangazi ndiye aliyenisimulia upya habari za kale za ndugu wawili, Gipir na Labongo, ambazo wasomaji wa kaskazini mnazijua. Gipir alichukua mkuki wa ndugu yake akamchoma tembo, tembo akakimbia nao, na Labongo akakataa mkuki mwingine wowote, akautaka uleule. Gipir akaenda katika nchi ya tembo, akateseka, bibi mmoja mzee akamrudishia mkuki na kumpa shanga. Aliporudi, mtoto wa Labongo akameza ushanga mmoja, na Gipir naye akautaka uleule, mpaka tumbo la mtoto likapasuliwa. Wakaachana Wang Lei, karibu na Pakwach, mmoja akavuka mto na mwingine akabaki. Shangazi alimaliza kusimulia, akaniuliza nitarudi lini, kisha akaniuliza tena, "Na ushanga utaudai?"

Nilimwambia sitaudai, lakini niliudai. Wiki ya kwanza baada ya kurudi Mukono niliweka mezani madai ya miaka saba, moja baada ya jingine, na mume wangu alisikiliza lile la birika la chai mpaka mwisho, akainamisha kichwa, na lilipofika la pili akainuka akaenda kulisha kuku. Yaliyobaki niliyahifadhi. Baadhi nimeyasema tangu hapo, moja moja, na mengine yameoza yenyewe.

Kwa hiyo kwa swali lako, kukimbia au kujitafuta, mimi nilifanya yote mawili katika basi moja. Niliporudi bado nilikuwa mama wa fulani na madamu wa ada. Tofauti ni kwamba Kiswahili kimerudi mezani kwetu, na serikali ilipoamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni, kijana wangu wa mwisho alianza kuniletea daftari lake, huku baba yake akijifanya hasikilizi. Angara simli tena, nimejua kwamba simpendi.

Nenda kabla mvua hazijaanza, mwachie mtu unayemwamini fedha za kurudia, na ukipita Karuma ufunge dirisha, kwa sababu nyani wa pale walininyang'anya mkate mzima.