Gari ya zamani, hela kidogo: majibu ya maswali yenu

Maswali yamekuwa mengi na mengi yanafanana, mtu kapata gari ya zamani kwa bei ya kutupa, ipo tu imepaki nyumbani, hela ya gereji hana, anataka aifufue mwenyewe taratibu. Nimechagua machache ambayo naona yatasaidia wengi. Ila kabla sijaanza niseme kitu kimoja, kwenye haya magari hela nyingi haiendi kwenye ubovu wenyewe, inaenda kwenye kubahatisha spea. Mtu anaambiwa "itakuwa sensa hiyo", ananunua, sio, ananunua nyingine, sio tena. Kwa hiyo karibu kila jibu hapa nitakuambia upime kwanza, mtanivumilia.

Fundi habari, nimenunua sedani ya zaidi ya miaka 20, ina ubovu kila kona, sijui nianzie wapi. Rafiki yangu anasema nianze na rangi na siti ili nipate moyo wa kuendelea.

Rangi iache kabisa kwa sasa mkuu. Anza na vitu vinavyoisimamisha na kuiongoza gari, yaani breki, tairi, usukani na miguu (springi, shokapu na viungio vyake). Vua tairi zote uangalie pedi, ikibaki milimita 3 au chini ya hapo toa, na diski nayo ina unene wake wa mwisho umeandikwa pale pale kwenye chuma, kwa hiyo huna haja ya kumuuliza mtu, pima tu. Ukiitoa kalipa, kile chuma kinachobana pedi, usiiache ining'inie kwa mpira wake wa breki, ifunge na waya kwenye springi, ule mpira ukipasuka kwa ndani huoni kitu kwa nje halafu breki zinaanza kuganda au kuvuta upande mmoja.

Fluidi ya breki watu wengi hawaijali kabisa na ndio kitu cha bei ndogo. Inavuta unyevu hewani hata kama gari imesimama tu. Ile ya aina ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, lakini ikishavuta maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140, sasa wewe unashuka mlima mrefu umekanyaga breki, fluidi inachemka, pedali inazama hadi chini. Kama ni nyeusi kama kahawa mwaga yote, weka mpya, toa hewa kwenye magurudumu yote kwa mpangilio wa kitabu cha gari yako, na kwa magari mengi unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani pampu kuu ya breki.

Tairi usiangalie kashata peke yake, yaani zile meno zinazokanyaga barabara. Pembeni kuna tarakimu 4 ndani ya kiduara, 2314 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na mpira wa umri huo hata kashata ikiwa nzuri unakuwa mgumu na una nyufa. Baada ya hapo ndio uende kwenye maji, oili, na mkanda wa taiming, ule unaopatanisha mzunguko wa injini na valvu zake. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni na hapo gari yenyewe inakuwa haina thamani ya kazi inayotakiwa.

Nina jeki moja tu iliyokuja na gari. Naweza kuweka matofali chini nikaingia?

Hapana. Tofali linapasuka ghafla bila kutoa dalili yoyote, na ile jeki imetengenezwa kwa kubadilishia tairi, haikutengenezwa mtu alale chini ya gari. Nunua stendi mbili kabla ya kununua spea yoyote ile, weka sehemu ngumu, zuia magurudumu yaliyobaki chini, halafu isukume gari kwa nguvu kabla hujaingia, ikitikisika shusha upange upya. Kama hela ya stendi haipo basi kazi ya chini ya gari nayo isubiri.

Shikamoo fundi. Gari yangu inachemsha, nimebadilisha themostati bado, nimeambiwa niitoe kabisa themostati nitembee hivyo hivyo, mwingine anasema ni gasketi ya silinda hedi. Nifanye nini?

Marahaba. Kwanza rudisha themostati, ile valvu inayofungulia maji yakishapata joto. Bila hiyo injini haifiki joto lake, inakula mafuta, na ugonjwa wenyewe bado uko pale pale umeufunika tu.

Sasa niambie inachemsha wakati gani, maana hapo ndipo jibu lilipo. Ikichemsha kwenye foleni halafu ukitembea inapoa, shida ni hewa, angalia feni. Chomoa plagi ya feni ya umeme uiunge moja kwa moja na betri, ikizunguka basi mota ni nzima na tatizo ni rilei, fyuzi au swichi ya joto, vyote vya bei ndogo. Kuwa makini na vidole, feni nyingi zinaweza kuwaka zenyewe hata injini ukiwa umezima. Ikichemsha barabara kuu ukiwa kwenye spidi, hapo maji hayazunguki vizuri, rejeta imeziba au wota pampu imeisha mapanga. Gusa mpira wa juu na wa chini injini ikishapata moto, wa juu ukiunguza na wa chini ukiwa baridi basi kuna kizuizi, ama themostati haifunguki ama rejeta imejaa uchafu. Na themostati yenyewe unaweza kuipima jikoni, iweke kwenye sufuria ya maji unayoyachemsha, nyingi zinafunguka kati ya nyuzi 82 na 92, namba imeandikwa juu yake.

Halafu kuna mfuniko wa rejeta, hiki kidude kinadharauliwa sana. Kazi yake ni kushikilia presha, na mfuniko wa kama bar 1 unafanya maji yachemke karibu nyuzi 120 badala ya 100. Springi yake ikilegea, maji yanaanza kuchemka mapema na kukimbilia kwenye chupa, mtu anafungua hedi kumbe ni mfuniko. Anza nao.

Gasketi ina dalili zake. Ukiwasha injini ya baridi, dakika moja tu mpira wa juu unakuwa mgumu kama umejazwa upepo, ukiwa umewasha bila mfuniko unaona mapovu hayaishi, maji yanapungua bila kuvuja nje, moshi mweupe wenye harufu tamu tamu, oili chini ya mfuniko wa oili imekuwa kama maziwa. Hiyo ya maziwa peke yake isikutishe, gari ya safari fupi fupi hupata kidogo kwa sababu ya unyevu. Mapovu yasiyoisha ndiyo mazito, ila hakikisha kwanza umetoa hewa yote baada ya kubadilisha maji, washa hita hadi mwisho, acha injini ipate moto huku unaongeza taratibu. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe gari ikiwa ya moto, naomba sana hilo, yale maji yanaruka usoni. Dawa za kuziba uvujaji nazo mimi siziungi mkono, zinaziba na vitundu vyembamba vya hita.

Betri inaisha usiku, asubuhi haiwaki. Nimeshanunua betri mpya, mwezi haujaisha imeanza tena. Fundi umeme anataka afumue waya zote.

Usikubali wafumue kitu. Tafuta mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa, tufanye hesabu pamoja.

Taa ndogo ya wati 5 iliyosahaulika inavuta kama ampea 0.4. Masaa 10 ya usiku ni ampea-saa 4. Betri nzima ya ampea-saa 45 haiwezi kufa kwa hiyo usiku mmoja. Kwa hiyo ikifa usiku mmoja ujue ama kuna kitu kinavuta sana ama betri ilikuwa haijajaa tangu mwanzo, na hii ya pili ndio ya kawaida zaidi. Pima betri ikiwa imepumzika masaa kadhaa, volti 12.6 imejaa, 12.0 iko karibu tupu. Washa gari upime tena, uone kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, na hata ununue betri ngapi zote zitakufa. Ila usiilaumu alteneta kabla hujasugua terminali na waya wa ethi unaotoka betri kwenda kwenye bodi na injini, kwenye magari ya zamani ule waya unaoza ndani ya plastiki yake. Pima hivi, mtu akipiga stata, weka pini moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, ukiona zaidi ya volti 0.2 au 0.3 huo waya hauna kazi.

Kama chaji iko sawa ndio utafute mwizi. Jaza betri, zima kila kitu, toa funguo, funga milango, chomoa waya wa hasi, weka mita kwenye tundu la ampea 10 katikati ya nguzo na ule waya, halafu subiri nusu saa bila kufungua mlango maana vidude vya kompyuta vinachukua muda kulala. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Chini ya miliampea 50 hakuna neno. Ikisoma 300 au zaidi anza kuchomoa fyuzi moja moja huku mtu anaangalia mita, ile ukiichomoa namba ikaanguka, mwizi yuko kwenye laini hiyo, mara nyingi ni redio iliyofungwa vibaya, alamu ya kuongezea, taa ya buti isiyozimika. Ukimaliza fyuzi zote na namba haijashuka, chomoa waya za alteneta, daiodi zake zikifa zinavuta umeme kinyume na hakuna fyuzi ndogo itakayokuonyesha.

Taa ya chek injini inawaka, nimepima kwa kompyuta ikatoa P0171, nimeambiwa ninunue oksijeni sensa.

Usinunue bado. Hiyo kodi, yaani namba ya hitilafu, inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na sensa ndiyo iliyotoa taarifa, kwa nini umpige aliyeleta habari? Tafuta kwanza mipira ya hewa iliyopasuka kati ya filta na injini, ikunje kwa mkono uone nyufa. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, chukua chupa ya kunyunyizia maji, nyunyiza kidogo kidogo kwenye viungio vya manifoldi na mipira midogo mbali na waya na koili, mlio wa injini ukibadilika umepapata. Halafu safisha sensa ya hewa kwa spirei yake maalum, angalia na filta ya mafuta.

Hapo hapo niongeze, gari ikimisi (silinda moja haichomi vizuri) na kodi ikawa P0302, yaani silinda namba 2, hamisha koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ya 2 uiweke 3 na ya 3 uilete 2, futa kodi, tembea. Ikirudi P0303 koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302 hamisha plagi vile vile. Hujatoa hata senti.

Inatoa moshi wa bluu. Ni ovahoo, yaani kufungua injini yote?

Huenda sio. Moshi ukitoka tu unapowasha asubuhi halafu ukapotea, hizo ni sili za valvu, na kwenye injini nyingi zinabadilishwa bila kushusha hedi. Ukitoka kila ukikanyaga mafuta, ringi za pistoni zinahusika. Kabla ya yote angalia kile kivalvu kidogo kinachotoa hewa ya injini, kikiziba kinasukuma oili kwenye silinda na bei yake ni ndogo mno.

Kisha pima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, plagi zote nje, mafuta na umeme wa plagi umekatwa, eksileta hadi chini. Injini nyingi za petroli zinasoma kati ya psi 120 na 180, muhimu silinda zisipishane sana. Iliyo chini mwagia kijiko cha oili upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi.

Kutu chini ya milango, bodi fila inatosha?

Bonyeza na bisibisi kwa nguvu. Isipoingia ni ya juu juu, sugua hadi chuma king'ae, dawa ya kutu, praima, rangi, na usiiache fila bila praima maana inanyonya maji. Ikiingia, hicho chuma cha chini ya milango ni sehemu ya kubeba gari, kinatakiwa kikatwe na kuchomelewa chuma kipya, hasa karibu na miguu na pale mikanda ya usalama iliposhikizwa. Chomoa betri kabla ya kuchomelea na usilete moto karibu na tangi. Zibua pia vile vitundu vya chini ya milango vya kutolea maji, ndivyo vilivyoanzisha yote.

Spea za mtumba ni zipi za kununua na zipi nisiguse?

Milango, taa, vioo, siti, stata, alteneta, hata gia boksi ukijua inakotoka, chukua. Mkanda wa taiming, mipira ya maji, pedi, mipira ya breki na boli jointi nunua mpya, kazi ya kufunga ni ile ile na mpira wa zamani huwezi kujua umebakiza muda gani. Beba na ile ya kwako ya zamani ulinganishe matundu ya bolti, idadi ya meno, pini za plagi na namba iliyoandikwa, gari mbili za mwaka mmoja na jina moja zinaweza kuwa na stata tofauti kabisa. Alteneta ya mtumba izungushe kwa mkono kabla hujalipa, beringi ikikwaruza irudishe.