Kiswahili cha dodoso na Kiswahili cha uani

Kila mwaka ikifika miezi ya mafunzo kwa vitendo, wadogo zangu wa vyuoni hunitumia ujumbe. Wamesoma sosholojia, maendeleo ya jamii au anthropolojia, wamepata kazi ya muda ya kukusanya data, na wanataka kujua waanzie wapi. Wengi huulizia dodoso na tableti. Mimi huwaambia waanze na maneno, na hilo nilifundishwa na bibi mmoja wa Bagamoyo.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Tulitumwa kijijini kuuliza habari za malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5. Barua zetu zilikuwa zimepita wilayani, kwa mtendaji wa kata na kwa mtendaji wa kijiji, mihuri yote ipo. Swali moja lilisema: "Katika miezi 12 iliyopita, je, mtoto wako aliugua malaria kali?" Siku ya kwanza nilijaza "hapana" nyumba kwa nyumba, nikalala nikiamini kijiji kile kina heri.

Siku ya tatu nilirudi kwa yule bibi bila karatasi, kumsalimia tu. Nikakuta anachambua mchele, nikakaa jamvini nikamsaidia. Mjukuu wake akapita akikimbia. Bibi akamtazama, akasema, "Huyu mwaka jana tulikuwa tunamlilia. Alikamatwa na degedege." Nyumba ile ile nilikuwa nimeandika "hapana".

Bibi hakunidanganya. Kwake yeye malaria ni homa, inapanda na kushuka, unanunua dawa dukani. Degedege ni jambo jingine kabisa: linashtukiza, macho yanageuka, viungo vinakakamaa. Wazee wengi wa pwani wanalihusisha na dege arukaye usiku, au na shetani, na dawa yake ni kufukiza kwa kinyesi cha tembo au kuogesha kwa majani. Daktari naye anajua kwamba penye malaria nyingi, hali ile mara nyingi ni malaria, na huenda imefika kwenye ubongo. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walilikuta jambo hili hili: familia nyingi zilianzia kwa mganga, na watu waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba bango linalosema "malaria" halimfikii mama ambaye mtoto wake ana degedege.

Hofu ya sindano nayo ina asili yake. Mtoto anayefikishwa zahanati akiwa amechelewa anachomwa sindano, anafariki, na waliosimama mlangoni wanaondoka na walichokiona. Ukimwita mtu huyo mjinga umefunga mlango. Ukimuuliza alimwona nani, lini, na mtoto alikuwa ameugua siku ngapi, mnaweza kuzungumza. (Na niseme wazi kwa mzazi anayesoma: mtoto akikakamaa, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.)

Jambo hili halikuishia kwa bibi zetu. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 1 Agosti 2018, wataalamu walifika Beni na Butembo na magari na fedha nyingi. Wenyeji walikuwa wakizika ndugu zao waliouawa na makundi yenye silaha tangu 2014, na wakajiuliza mbona safari ile hakuja mtu. Disemba 2018 uchaguzi wao ukasogezwa hadi Machi 2019, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu. Mitaani likazaliwa jina: biashara ya Ebola. Ukilipokea jina hilo kama uvumi wa kukanushwa redioni, utapigwa mawe. Wanaanthropolojia waliokuwa huko walilisikiliza kama malalamiko yenye historia, wakashauri yale ambayo familia zilikuwa zikiyadai: kumwona mgonjwa wao, kushuhudia maziko, kuomba dua zao. Vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za kuonyesha ndani vilisaidia sana, kwa kuwa mama aliweza kumwona mwanawe yu hai. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 wakiwa wamekufa.

Mjini pia ni vivyo hivyo. Ukimuuliza mama wa Mbagala, mumewe akiwa sebuleni, "Je, una mkopo?" atakujibu hapana. Kaa naye gengeni Jumatatu asubuhi. Utasikia, "Leo nina marejesho." Neno ni hilo, marejesho, na ndani yake mna kila kitu: siku, kikundi, wenzake watakaomlipia akikwama na namna watakavyomtazama baadaye. Na akisema "kausha damu", yaani mkopo wa riba ya kuumiza, amekwisha kukueleza kuhusu riba zaidi ya jedwali lako lote.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku za mwanzo usiulize "kwa nini". Kwetu "kwa nini" ni swali la mtu anayekutaka ujitetee. Uliza, "Mara ya mwisho ilikuwaje?" kisha nyamaza, hata kimya kikikuelemea. Shika kazi ya mikono, umenye viazi, ushike mtoto. Neno likijirudia vinywani mwa watu watatu, liandike kama lilivyo, usilitafsiri kwa Kiswahili cha ofisini.

Najua wengine mtasema lugha tunayo tayari. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alipokaa visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilimbidi ajifunze lugha ya wenyeji, na alijua kwamba hajui. Sisi tuko hatarini zaidi, kwa sababu tunaelewa kila neno tunaloambiwa na bado linatupita.

Kisha rudisha ulichoandika. Watu wamechoka na wageni wa daftari wanaochukua na kupotea. Mimi nilirudi Bagamoyo miezi minane baadaye, nikiwa na kurasa nne za Kiswahili, nikamsomea bibi barazani. Alisikiliza mpaka mwisho huku akisuka ukili, kisha akaniambia nirudie ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeandika kwamba familia huchelewa kwa sababu ya "imani potofu".

"Mjukuu wangu," akasema, "sisi zahanati tunaenda kwa miguu, na usiku ule mvua ilikuwa inanyesha. Hilo hukuliandika."

Nikamwomba anieleze njia, toka mlangoni pake hadi zahanati, na nikaandika upya nikiwa pale pale barazani.