Kabla Hujaacha Kazi Uwe Mnasihi, Kalia Kwanza Kiti cha Mteja

Nilikuwa mhasibu kwa miaka 11. Wenzangu walikuwa wakija mezani kwangu na risiti, wakiondoka wameniachia habari za ndoa zao na watoto wao. Nikajiona nina kipaji cha kusikiliza, nikaanza kuwaza: kwa nini hii isiwe ndiyo kazi yangu? Huu ni mwaka wa sita tangu nianze kupokea wateja nikiwa mnasihi, yaani mshauri wa kisaikolojia, na mara kwa mara hunijia mtu mzima, mwenye kazi yake na majukumu yake, akitaka kujua njia niliyopita. Humjibu kwa urefu, maana mimi nilipouliza sikupata wa kunijibu.

Humwuliza swali moja kabla ya yote: wewe mwenyewe umewahi kunasihiwa?

Mimi, kabla ya masomo, sikuwahi. Nilikwenda kwa sababu chuo kilidai kila mwanafunzi apitie vikao vyake mwenyewe, nikaona ni utaratibu tu wa kumaliza. Kikao cha tatu mnasihi wangu aliniuliza kuhusu baba, aliyefariki nikiwa na miaka 19. Nikamweleza madeni aliyoacha, deni gani lililipwa lini na kwa fedha ipi. Nilikuwa nayakumbuka yote kwa mpangilio. Nilipomaliza alinyamaza. Akanyamaza mpaka nikashindwa kuendelea kumtazama, na hapo nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Siku ile niliona kilichonileta. Tangu nina miaka 19 nilikuwa mtu wa kurekebisha mambo ya wenzangu, na nilitaka kuifanya shughuli hiyo iwe taaluma. Wengi tunaovutwa na kazi hii tuna jeraha kama hilo, na si dosari. Hatari ni kuingia nalo chumbani bila kujua kwamba unalo, ukadhani unamhudumia mteja, kumbe unajihudumia wewe.

Ndivyo nilivyomfanyia mmoja wa wateja wangu wa mwanzo, nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike.) Alikuja amechoka, nyumbani hakuna anayemsaidia. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimeshamchorea ratiba ya wiki nzima, nani afanye nini na lini. Alinishukuru kwa heshima, akaondoka, hakurudi. Kikao kile tulikuwa tumekirekodi kwa ridhaa yake, na msimamizi wangu alipokisikiliza aliniuliza jambo moja tu: "Yeye amezungumza dakika ngapi?" Tukahesabu. Hazikufika 15.

Kwangu hili lilikuwa gumu kuliko mtihani wowote, na nimeliona pia kwa wanaotoka ualimu, uanasheria, uuguzi. Kazi zetu za zamani zilitulipa kwa kuwa na jibu. Huku, haraka yako ya kutoa jibu inaweza kumziba mtu mdomo. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kwamba kinachomwezesha mteja kubadilika ni uhusiano wenyewe: mnasihi awe mkweli, amthamini mteja bila masharti, na aingie katika hisia zake kana kwamba ni za kwake, bila kusahau kwamba si za kwake. Wako waliokuja kumpinga kwamba hayo peke yake hayatoshi, nami siku hizi hutumia pia mbinu za Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili, za kuchunguza mawazo. Lakini bila hayo ya Rogers, mbinu hazipati pa kushika. Na kama unajiona umechelewa, Rogers huyo alianza chuo kikuu akisoma kilimo, akahamia historia, akasoma theolojia kabla ya kufika kwenye saikolojia. Erik Erikson, mwanasaikolojia mwingine mashuhuri, alianza akiwa msanii.

Kuhusu masomo, usilipe ada kwa mvuto wa tangazo. Mimi nililipia cheti cha miezi michache ambacho mamlaka ya usajili haikukitambua, nikaanza upya. Tafuta kwanza wanaotoa leseni pale unapotaka kufanyia kazi, waulize wanakubali kozi zipi na wanataka saa ngapi za kuonana na wateja chini ya usimamizi. Kwingine ni mamia, kwingine ni maelfu, na saa hizo ndizo zinazokula miaka, kuliko darasa. Ujue pia unataka kuwa nani. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na huandika dawa, mwanasaikolojia wa tiba ana njia yake na vipimo vyake, na mnasihi ana njia yake. Nimekutana na watu walioligundua hilo wakiwa mwaka wa pili wa masomo.

Fedha: mafunzo kwa vitendo mara nyingi hayana malipo, na wateja wa mwanzo huahirisha. Nilibaki na uhasibu siku mbili kwa wiki kwa miaka mitatu, na sijutii.

Ambalo sikuliona likija ni la nyumbani. Ukianza tu masomo, ndugu na marafiki hukugeuza mnasihi wao, na maadili ya kazi hayaruhusu. Huwezi kumhudumia mtu ambaye utakula naye jioni. Kila mteja mpya humweleza tangu kikao cha kwanza kwamba atakayosema yatabaki kwangu, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini. Ahadi hiyo utamwekeaje mtu ambaye mama yako ni mama yake? Mdogo wangu aliponiomba, nilimkatalia. Alilia. "Dada, wageni unawasikiliza, mimi unanifukuza?" Sikuwa na jibu la kumtuliza. Nilikaa naye kama dada, nikampa namba ya mwenzangu ninayemwamini, na kwa wiki kadhaa hakupokea simu zangu.

Baadaye alikwenda. Anaendelea kwenda, kila Alhamisi. Siku hiyo akipita kwangu huwa namwandalia chai, na sijawahi kumwuliza wamezungumza nini.