Matcha yangu ya rangi ya khaki

SWALI: Shikamoo, Mzee wa Chai. Mwezi uliopita nilinunua matcha, ule unga wa chai ya kijani ya Kijapani, ya kopo, kwa bei iliyoniuma, ikawa kijani kibichi kama jani changa la mgomba. Sasa nimenunua ya pakiti kwa robo ya bei ile. Ni kijani cha kuelekea manjano, nikitia maziwa inafanana na uji wa mlonge, na ina uchungu. Shoga yangu anasema ya kopo ndiyo iliyotiwa rangi. Kati ya hawa wauzaji wawili, nani kaniibia? – Zuhura, Kijitonyama, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shoga yako mwambie apunguze tuhuma. Wahuni hawakosekani, lakini kijani kile hakihitaji kutiwa rangi. Kinatokana na kivuli.

Kule Japani, mji wa Uji, karibu na Kyoto, na Nishio katika mkoa wa Aichi, mkulima hufunika shamba machipukizi yanapoanza kuchomoza, mnamo Aprili. Zamani walitandaza matete na mabua ya mpunga juu ya uchanja. Siku hizi wengi hutumia neti nyeusi. Hukaa hivyo wiki tatu, wengine mwezi mzima. Jani lililonyimwa jua huongeza klorofili, ile rangi yake ya kijani, ili linase hako kamwanga kalikobaki, likakolea, likatanuka na kuwa jembamba. Hilo unaliona kwa macho. Usiloliona ni teanini, inayotengenezwa mizizini na kupanda hadi kwenye jani. Juani sehemu yake kubwa hugeuka kuwa katekini, ambazo ndizo zenye uchungu na ukakasi. Kivulini inabaki, na ndiyo inayoipa matcha nzuri ule utamu mzito kama wa supu.

Kwangu mimi hii ilikuwa dunia iliyopinduliwa. Miaka 19 nilifanya kazi kiwanda cha chai Mufindi, na siku nzima tulikuwa tukilinyausha jani, kulikata na kuliacha ligeuke kahawia. Wajapani hulipiga mvuke mapema baada ya kuchuma, chini ya nusu dakika, ili lisigeuke hata kidogo. Hulikausha bila kulisokota, huondoa vijiti na mishipa, kisha husaga. Jiwe la kusagia hutoa gramu 40 hivi kwa saa, kwa hiyo kopo lako la gramu 30 lilikula kama dakika 45 za jiwe.

Nilipostaafu nilijaribu mwenyewe. Nilifunika mashina manne nyuma ya nyumba kwa neti ya kitalu, safu mbili, siku 20. Mke wangu aliuliza kama nimefuga kuku wasioonekana. Rangi ilikuja, tena nzuri, nikalinganisha na shina la tano lililobaki juani nikafurahi kama mtoto. Nikapiga mvuke kwenye sufuria, nikakausha, nikatwanga kwenye kinu. Kuonja: uchungu wa kukunja uso! Chai yetu nyingi ni ya jamii ya Assam, yenye katekini nyingi kwa asili. Kivuli kiliipunguza makali, hakikuigeuza kuwa mmea mwingine. Na kinu cha pilau hakitoi unga wa matcha, kinatoa mchanga.

Sasa pakiti yako. Nadhani ni majani ya mavuno ya baadaye, ya kiangazi cha huko, yaliyofunikwa siku chache au yasiyofunikwa kabisa. Huo si wizi kama bei nayo ni ya kwake. Maneno kama "daraja la sherehe" yasikutishe, hakuna sheria inayoyalinda. Mfungashaji yeyote huyaandika.

Inawezekana pia ilikuwa kijani ikazeekea dukani, kwa maana mwanga, joto na hewa huiua klorofili. Inuse. Ikiwa na harufu ya nyasi kavu za banda la ng'ombe, imezeeka. Ikiwa na harufu safi ila ni chungu, ilitoka shambani hivyo. Kabla ya kuhukumu, jaribu maji ya nyuzi 75 hivi. Yanayotokota huongeza uchungu hata kwa ile ya bei.

Ya pakiti itie kwenye keki, sukari na siagi zitaibeba. Ya kopo ifunge sana, weka kwenye friji, na ukiitoa usifungue mpaka kopo liishiwe ubaridi, la sivyo itavuta unyevu wa Dar na kuganda mabonge.