Maswali ya wasomaji: Pikipiki mbili nyuma ya Coaster, inawezekana?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi niko Nzuguni hapa Dodoma, nilinunua Coaster iliyokuwa inabeba abiria, ni ya zamani ila injini nzima kabisa, nimetoa siti zote naigeuza iwe nyumba ya safari, mimi na mke wangu na watoto wawili. Vitanda tayari, jiko la gesi lipo, tenki la maji la lita 200 nimeliweka nyuma kabisa chini ya kitanda. Sasa nataka nibebe pikipiki mbili kwa nje nyuma, Boxer yangu na ya shemeji, tukifika sehemu tunapaki basi tunazunguka na pikipiki. Plani ya kwanza ni Kolo kule Kondoa kuona michoro ya kale ya mapangoni, halafu bwawa la Mtera. Fundi wangu wa kuchomelea anasema ni kazi ya siku moja tu, anachomelea angle kwenye bampa na kwenye chasisi mambo yameisha. Ila rafiki yangu dereva wa malori anasema nikifanya hivyo gari itakuwa nyepesi usukani. Nani nimsikilize? Nimepima, kutoka ekseli ya nyuma mpaka mwisho wa bampa ni mita 2, na ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni karibu mita 4. (Msomaji wa Nzuguni)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hiyo kazi, na nimefurahi sana umepima kabla ya kuuliza maana wengi wanaleta swali bila kipimo chochote. Msikilize dereva wa malori. Fundi wako anaangalia kama chuma kitashika, na hilo ni la muhimu kweli, lakini kuna jambo kubwa kuliko chuma, nalo ni kwamba mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma haulali tu pale, unabonyeza nyuma na unanyanyua mbele.

Twende na namba zako. Boxer moja ni kama kilo 120, mbili 240, na kibebeo cha chuma cha kubeba pikipiki mbili hakiwezi kupungua kilo 60 kama kimetengenezwa cha kueleweka, jumla 300. Katikati ya huo mzigo itakuwa kama mita 2 na nusu nyuma ya ekseli, maana bampa peke yake ni mita 2 na pikipiki zinakaa nje ya bampa. Chukua 300 zidisha 2.5 gawanya kwa 4, unapata kilo 187 na ushee. Hizo ndo kilo zinazotoka kwenye matairi yako ya mbele, na ekseli ya nyuma haiongezewi 300, inaongezewa 300 na hizo 187 juu yake, karibu kilo 490. Yaani umeweka mzigo wa kilo 300 ekseli ya nyuma inaona karibu nusu tani. Na bado hatujahesabu tenki lako la maji, lita 200 ni kilo 200, na lenyewe umeliweka huko huko mkiani. Gari ikiwa hivyo ukiwa mjini unaendesha vizuri tu wala husikii kitu, utakuja kusikia kwenye mteremko wenye kona, lami ina mvua, unakata usukani gari inachelewa kukutii, na breki za mbele ambazo ndo zinafanya kazi kubwa ya kusimamisha gari hazina uzito wa kukamatia barabara. Na nyuma ya usukani uko wewe, na nyuma yako watoto.

Kwa hiyo kabla hujachomelea chochote nenda mizani. Wewe uko katikati, una mizani ya Nala ukielekea Singida na ya Kibaigwa ukielekea Morogoro, na gari la zaidi ya tani 3.5 ni la kupita mizani hata hivyo, Coaster iliyojaa vitanda na maji iko humo. Waombe vizuri wakupe uzito wa ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, gari likiwa na maji, gesi, watu wote ndani. Andika. Halafu angalia kibati cha mtengenezaji kwenye gari, na uangalie ubavuni mwa tairi kila moja inabeba kilo ngapi kwa upepo gani. Ukishapata hizo namba utajua una nafasi ya kilo ngapi nyuma, hapo ndo uamue pikipiki mbili au moja. Ukimaliza kazi rudi mizani tena na pikipiki zikiwa juu, mbele ikiwa imepungua sana usianze safari.

Ushauri wangu mimi, beba moja. Boxer moja na kibebeo cha kilo 50, jumla 170, mbele unapungukiwa kama kilo 100 tu, na hizo unaweza kuzirudisha: hamisha tenki la maji lije mbele ya ekseli ya nyuma, betri za sola na mtungi wa gesi navyo visogee mbele. Shemeji apande nyuma yako, mtaenda zamu zamu. Kolo yenyewe sio mbali na lami, barabara ya Dodoma Babati ilizinduliwa 2018 basi linafika vizuri, ni kule kupanda kwenye mapango ndo pikipiki inakusaidia, njia ni ya mawe na mchanga. Michoro ile iko kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, watoto wataifurahia, nenda tu.

Sasa chuma. Usikubali kuchomelewa kwenye bampa, bampa la nyuma la hizi gari ni bati la kufunika, limeshikwa na bolti chache, halikutengenezwa kubeba mtu akiruka juu yake sembuse pikipiki. Kibebeo kishikwe na reli mbili za chasisi, kila upande chuma chake, na hicho chuma kiende mbele ndani ya chasisi angalau urefu uleule kinaotokeza nje, ikiwezekana zaidi. Na kifungwe kwa bolti kubwa na pleti nene, sio kuchomelea. Bolti zipite kwenye ubavu wa reli, zisipite kwenye ukingo wa juu wala wa chini kwa sababu ukingo ndo unaobeba nguvu yote ya kujipinda, ukitoboa pale umeshaidhoofisha.

Kuna Coaster ya mtu nimeiona gereji moja hapa mjini, ilikuwa na kibebeo cha kuchomelea, ukiangalia juu juu ni safi, imepigwa rangi nyeusi inang'aa. Fundi akalala chini akafuta vumbi kwa kitambaa, pale ambapo uchomeleaji unaishia na reli inaanza pakatokea mstari wa kutu mwembamba kama unywele, umeanzia ukingo wa chini unapanda juu. Akaweka tochi upande wa pili, mwanga ukapenya. Chuma cha kuchomelea chenyewe kilikuwa kizima kabisa, kilichokatika ni chasisi pembeni yake, pale moto ulipopita. Mwenye gari alikuwa hajui kitu. Ndo maana nasema bolti, na kila baada ya safari ya barabara mbaya lala chini ufute vumbi uangalie, ukiona kutu nyekundu inachuruzika kutoka kwenye bolti au kwenye weldi ujue kuna kitu kinacheza.

Na fundi akipiga hesabu ya nguvu asipige ya kilo 170 iliyosimama. Gari ikirukia tuta au ikipita kwenye rasta mkia unatupwa juu na kushuka, hiyo pikipiki kwa sekunde hiyo inavuta kama mara mbili mara tatu ya uzito wake. Atengeneze cha kubeba mara tatu.

Mambo mengine ya huko nyuma, nayapitia haraka ila yote ni ya kufanyia kazi. Taa za breki na indiketa zikifichwa na pikipiki weka nyingine kwenye kibebeo, na namba ya gari ionekane, trafiki hatakuacha na wala asikuache. Mkia umerefuka kwa karibu mita moja, kwa hiyo ukikata kona mkia unafagia upande wa pili, kuna bodaboda anakuwa amesimama pale kwenye taa hajui, angalia kioo. Ukishuka korongo au ukipanda tuta kubwa mkia unagusa chini, pita taratibu. Ekzosi ya basi isielekee tairi la pikipiki wala tanki, ikielekea huko igeuzwe pembeni. Na hili naomba ulitilie maanani sana: kama Coaster yako ina mlango wa dharura nyuma, au kama kioo cha nyuma ndo mnategemea kutokea, pikipiki isizibe. Ndani mna jiko la gesi na watoto wanalala nyuma, mlango ni mmoja ubavuni. Ukishaziba nyuma lazima utengeneze dirisha la kutokea sehemu nyingine, kubwa la mtu mzima kupita, linafunguka kwa ndani bila ufunguo, na watoto wafundishwe kulifungua.

Kufunga pikipiki: mikanda ya kukazia mizigo yenye racheti, minne, sio mipira ya baiskeli wala kamba za manila, manila inalegea ikipata joto. Mikanda miwili ya mbele ishike chini kwenye shingo ya shokapu, pale zinapokutana, sio kwenye ncha za usukani. Kaza mpaka shokapu za mbele zishuke kama nusu ya safari yake, usizibonyeze mpaka mwisho utaua sili za mafuta, ukitaka uhakika weka kipande cha mbao kati ya tairi na madigadi. Miwili ya nyuma inashika fremu, na tairi la nyuma nalo lifungwe lisirukeruke. Stendi ikunjwe, pikipiki isisimame kwa stendi. Funga koki ya petroli, kwa sababu ikitikisika muda mrefu kabureta inafurika. Ukienda kilomita kumi za mwanzo simama ukaze tena, mikanda huwa inajinyoosha.

Vumbi la kwetu huku unalijua, na nyuma ya basi ndo pabaya kuliko pote maana basi linalivuta vumbi linalizungusha pale pale. Ziba mdomo wa ekzosi ya pikipiki kwa kitambaa (na ukumbuke kutoa), funika sehemu inayovuta hewa, ukifika futa cheni uipake mafuta upya kabla hujawasha. Turubai sio zuri sana, likipigwa na upepo linakwangua rangi, labda ulifunge likabane kabisa.

Ngazi ya kupandishia iwe ndefu, mita 2 na zaidi, na ifungwe kwenye kibebeo kabla tairi halijagusa. Ajali nyingi za kupakia zinatokea hapo, pikipiki inapanda, tairi la nyuma linasukuma ngazi, ngazi inachomoka, mtu anaangukiwa. Muwe wawili. Na kabla hujaanza yote haya pita TRA uulize kuhusu kadi, gari ilikuwa basi la abiria sasa sio basi tena, kadi na bima viseme kitu kimoja na gari ilivyo.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mume wangu kanunua basi kubwa lililochoka, injini iko nyuma, analifanya gari la familia na la kazi zake za mnada huku Mpwapwa na Kongwa. Fundi kamkatalia kuning'iniza pikipiki nje nyuma. Sasa anasema ataingiza pikipiki ndani, sehemu ya nyuma, na watoto vitanda vyao viko hapo hapo. Mimi roho inakataa ila sina cha kumjibu. (Mama wa watatu, Mpwapwa)

JIBU: Nzuri dada, na roho yako inakataa kwa haki. Fundi yuko sahihi, basi lenye injini nyuma mkia wake umeshabeba mzigo wa kutosha, na ukiweka kibebeo unaziba mlango wa injini na hewa ya kupooza rejeta, gari itachemka kwenye mlima wowote. Tena mengi ya mabasi hayo fremu ya nyuma kabisa ni skwea paipu nyepesi tu, hamna reli nzito ya kufungia kitu.

Ila ndani na watoto, hapana. Mwambie hivi, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hautoki juu kama moshi, unashuka unatambaa sakafuni mpaka utakapokuta cheche au moto, na basi la kuishi lina jiko, lina betri, lina swichi. Mtoto aliyelala kitanda cha chini ndo wa kwanza kuuvuta. Pikipiki haihitaji kuwa na tatizo, kofia ya tanki tu na kabureta vinatoa mvuke joto likipanda, na jua la saa nane huku kwetu basi lililofungwa ni tanuri.

Kama anataka ndani lazima kiwe chumba chake, ukuta wa bati kutoka sakafuni mpaka darini umezibwa mpaka pembeni, mlango wake wa nje, matundu ya hewa chini kabisa na mengine juu, hamna betri wala waya wa kuchajia humo, na pikipiki ifungwe kwenye fremu kama ile ya nje maana basi likigonga breki pikipiki inakuja mbele. Na vitanda vya watoto visogezwe mbele. Hiyo ni kazi kubwa na ya hela.

Mimi ningemshauri tela. Tela dogo la ekseli moja, uzito wa pikipiki unakaa juu ya matairi ya tela sio mkiani mwa basi, na akienda mnadani analiacha nyumbani. Fremu ya nyuma iimarishwe mpaka kwenye chuma kizito ndo ndoano ifungwe hapo, mlango wa injini ubaki unafunguka, na tela nalo lina kadi yake na namba yake. Kurudi nyuma na tela inataka mazoezi, aende uwanjani asubuhi ajifunze.

SWALI: Je naweza kubeba pikipiki mbele, kwenye bampa la mbele la basi langu dogo la Rosa? (Kijana wa Manyoni)

JIBU: Usifanye. Unaziba rejeta, unaziba taa, na huoni mtoto anayevuka mbele yako. Kama nyuma nafasi hamna na tela hutaki, ukifika kodi pikipiki ya hapo hapo kwa siku, Manyoni mpaka Singida hamna stendi isiyo na bodaboda wa kukodisha.